Semeni na Madumu Mawili ya Ulanzi

Vijana, nimewahi kutembea kutoka shambani mpaka soko la Mlandege, mchana kweupe, nikiwa nimefungwa tandiko la farasi mgongoni. Mkanda umenibana tumbo, vile vyuma vya kuwekea miguu vinanigonga makalio kila hatua, na nyuma yangu anakuja mzee wa Kingoni na kifimbo mkononi, anawatangazia wapita njia, "Msimpitie kwa nyuma, jamani! Huyu bado hajazoea!"

Muuza nyanya mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Mwingine akanipa karoti. Na mimi nikaila, kwa sababu nilikuwa nimetoka mbali na njaa haina aibu.

Mtauliza, mtu mzima mwenye akili zake anakubalije mambo hayo? Nilikubali kwa sababu yule mzee alikuwa mtani wangu. Sisi Wahehe na Wangoni tulipigana zamani mpaka tukachoka, tukaishia kuwa watani. Mtani akikufanyia jambo, hukasiriki. Ukikasirika, umeshindwa, na kijiji kizima kitajua. Lakini kulikuwa na sababu nyingine, nayo ndiyo mbaya. Alikuwa anaijua siri yangu.

Naitwa Ezekia Kihwele. Nimekuwa mtunza farasi miaka thelathini na moja, kazi ambayo wazee waliiita usaisi. Mkinikuta leo nimekaa barazani kwangu napukuchua mahindi, mnaniona mzee wa kawaida tu. Mjukuu wangu juzi amenionyesha kwenye simu mtu fulani anamrukia farasi mchanga, farasi anaruka, mtu anang'ang'ania, watu wanapiga makofi. Ananiuliza, "Babu, na wewe ulikuwa hivi?" Nikamwambia huyo unayemwona hamfundishi farasi, anagombana naye. Farasi akishindwa ugomvi leo, kesho anakumbuka. Bodaboda unaingiza ufunguo inawaka. Farasi ufunguo wake hauko mfukoni mwako.

Shamba lenyewe lilikuwa juu kwenye kilima, njia ya kwenda Kalenga. Mwenye shamba alikuwa Mama Zarina, mama wa Kihindi aliyezaliwa hapa hapa Iringa, mwenye duka la vitambaa mjini. Baba yake alimwachia duka, shamba na farasi sita. Duka alilipenda kwa akili, farasi aliwapenda kwa moyo. Jumamosi na Jumapili watu wa mjini walileta watoto wao wapande farasi, wazungushwe shambani, wapigwe picha, waende nyumbani na furaha. Kihehe chake kilikuwa salamu moja tu, "Kamwene," na alikitumia asubuhi, mchana na jioni, hata kwa farasi.

Mkubwa wetu kazini alikuwa Mzee Ngonyani, huyo mtani wangu. Mwembamba, mfupi, ana meno machache lakini yote yalifanya kazi. Siku ya kwanza naripoti alinizunguka mara mbili, akaniangalia kwato, nikimaanisha miguu, akasema, "Mhehe huyu. Mbwa wote wafungwe, asije akawala." Nikamjibu, "Mzee, babu zako walivyokimbia vita waliacha nini, viatu au heshima?" Akacheka, akanipa koleo la samadi. Tangu siku hiyo tulielewana.

Sasa Semeni. Alikuwa farasi jike aliyezaliwa shambani mikononi mwangu, rangi ya udongo mwekundu, na paji jeupe. Tulimpa jina hilo kwa sababu tangu azaliwe alikuwa hanyamazi. Ndoo ikilia anajibu, gari likipita anajibu, Mama Zarina akisema kamwene anajibu. Alipotimiza umri wa kuvishwa tandiko, Ngonyani akanikabidhi kazi hiyo. Mara yangu ya kwanza kufundisha peke yangu. Nilijiona mkubwa kuliko mkuu wa mkoa.

Kumzoesha farasi uzito, mnatakiwa kufanya hivi. Akishakubali tandiko tupu, unamwekea vifuko viwili vya mchanga, kimoja kila upande, vyenye uzito sawa. Unaanza na kidogo, unamtembeza, unaongeza. Siku nyingi, hatua fupi. Ngonyani aliniambia hayo yote. Aliniambia pia, "Mchanga, Kihwele. Mchanga. Usije ukaniletea ujuzi wako."

Nami nikamletea ujuzi wangu.

Ilikuwa Kwaresma, na mvua, na kwetu mvua ni wakati wa ulanzi. Kwa wale mliozaliwa mijini, ulanzi ni utomvu wa mwanzi mchanga. Unakata ncha, unaning'iniza kikopo, asubuhi unakuta pombe imejitengeneza yenyewe bila kukuomba ruhusa. Mimi nilikuwa nimeahidi kanisani kwamba Kwaresma hiyo sinywi. Na sikunywa! Nilikuwa nakusanya tu, nikiwaza Pasaka. Mianzi yangu ilikuwa ng'ambo ya kilima, na asubuhi hiyo ya Ijumaa nilikuwa na madumu mawili ya lita kumi, yamejaa. Uzito sawa kabisa. Nikamtazama Semeni, nikatazama madumu. Nikajiambia, mchanga wa nini?

Nikayafunga kwenye tandiko, moja kushoto, moja kulia. Na ili tone lisimwagikie tandiko la Mama Zarina, nikakaza vifuniko kwa nguvu zangu zote.

Najua wa Iringa mmeshaanza kucheka. Hakuna mtoto wa Kihehe asiyejua kwamba dumu la ulanzi halikazwi kifuniko. Ulanzi uko hai. Unachemka wenyewe, unatafuta pa kupumulia, na ukiutikisa juani unakasirika. Mama yangu aliniambia hivyo kabla sijajua kuhesabu. Lakini mtu akijiona mjanja husahau hata aliyonyonya.

Tulitembea vizuri. Semeni alikuwa mpole, masikio mbele, hatua nzuri. Nilikuwa naimba. Tulipofika barabara ya vumbi dumu la kushoto likafanya PUU! Kifuniko kikapita karibu na sikio lake, povu likamrukia shingoni. Akaruka pembeni. Kule kuruka kukalitikisa la kulia, nalo likajibu. Kamba ikanitoka mkononi, ikachukua na ngozi ya kiganja.

Mbele yetu, kwa bahati mbaya yangu na ya Wakatoliki, ilikuwa inapita Njia ya Msalaba. Wanasali, wametulia, wamefika kituo cha Yesu kuanguka mara ya pili. Semeni akapita katikati yao akinuka kilabu, tandiko limeshuka tumboni, madumu yanamfuata yakimwaga. Katekista akaingia mtaroni na kitabu chake. Bibi mmoja, nasikia, alipiga magoti na kusema sasa mwisho umefika, na akamsamehe jirani yake palepale deni la kuku.

Nilimkuta Semeni mbali, karibu na mto, anatetemeka. Jasho linamtoka mpaka kwenye kwato, mkanda umemkata tumboni. Hakujibu nilipomwita. Yeye aliyekuwa anajibu hata ndoo.

Kisha mvua ikanyesha kubwa. Ikamwosha farasi, ikaniosha mimi, ikaosha barabara. Nikaona Mungu yuko upande wangu. Nikayatupa madumu vichakani, nikarudi, na Mama Zarina alipokuja mbio na mwavuli akiuliza kumetokea nini, mdomo wangu ukasema, "Nyoka, Mama. Ametokea nyoka."

Ulikuwa uongo mdogo, wa kujikinga na mvua tu. Sikujua utakua.

Semeni hakutaka tena kuona tandiko. Ukilitoa stoo, yeye yuko kona ya mwisho ya banda, macho yameonyesha weupe. Mara mbili alinitupia teke. Mama Zarina akanyamaza wiki mbili nzima, na mama huyo alikuwa wa kuogopwa zaidi akinyamaza. Kisha akatuita mimi na Ngonyani.

"Nimepata mnunuzi," akasema. "Yuko Rujewa, ana mashine ya kukoboa mpunga. Atakuja Jumatatu ya Pasaka na gari. Anasema atamfunga mkokoteni pamoja na punda wake."

Ngonyani akavua kofia. "Mama, Rujewa?"

"Rujewa. Nifanyeje? Farasi asiyevaa tandiko ananila tu."

Niwaeleze kwa nini Ngonyani alivua kofia. Kuna ugonjwa wa farasi unaoletwa na vijidudu vidogo vinavyoruka jioni kwenye majimaji. Farasi anaamka vizuri, jioni anatoka povu puani, kesho yake mnachimba shimo. Huku kwetu baridi inatusaidia, na hata hivyo tulikuwa tunawaingiza ndani kabla jua halijazama na kuwachanja. Rujewa ni tambarare, ni joto, ni majaruba ya mpunga yamejaa maji mpaka upeo wa macho. Punda anavumilia. Farasi kutoka Iringa hamalizi masika. Mama Zarina alikuwa anajua, na nadhani ndiyo maana alikuwa anaangalia dirishani alipokuwa anasema.

Tulipotoka nje Ngonyani hakunitania. Akaingia stoo, akatoka na tandiko, akaligeuza upande wa manyoya, akainamisha pua. Akanusa kwa muda mrefu.

"Nyoka huyu," akasema, "alikuwa amekunywa?"

Nikajua nimekamatwa. Nikamweleza yote. Nilitegemea acheke, hakucheka.

"Nenda ukamwambie Mama."

"Atanifukuza, Mzee. Nina watoto watatu shuleni."

"Mdomo ni wako. Mimi mtani, siwezi kukutolea siri. Ninachoweza ni kukutesa tu." Akanitupia tandiko. "Geuka."

Ndivyo nilivyovishwa tandiko. Kwanza sikujua kama ni adhabu au ni kazi. Ilikuwa vyote. Aliukaza ule mkanda ghafla, tundu la mwisho, mpaka nikatoa sauti ambayo sikujua ninayo. "Umeona?" akasema. "Ndivyo ulivyokuwa unamfunga yeye. Sasa vuta pumzi." Nikashindwa. Akalegeza, akasubiri, akakaza tundu moja. Akanitembeza hatua kumi, akakaza lingine. Sikuumia. Mpaka leo sijapata mwalimu aliyenifundisha jambo kwa haraka namna ile. Mkanda wa tumbo unakazwa tundu moja moja, na kati ya tundu na tundu kuna matembezi. Mkiandika, andikeni hilo.

Tulikuwa na wiki tatu. Nililivaa tandiko kutwa. Nilizoa samadi nikiwa nalo, nilichota maji nikiwa nalo, na pumba zilipokwisha Ngonyani akaniongoza nalo mpaka Mlandege, kama nilivyowaambia. Semeni akawa anaona lile dubwana lake la kutisha kila siku, na kila siku liko mgongoni kwa mtu mjinga anayemletea chakula. Siku ya nne alinisogelea kunusa. Siku ya sita tukaliweka tandiko chini katikati ya banda na kumwagia pumba juu yake. Alizunguka, akakoroma, akapiga mguu chini, kisha tumbo likashinda. Akala juu ya tandiko kama mezani.

Baadaye nikampapasa kwa gunia tupu, shingo, mgongo, tumbo, upande wa kushoto na upande wa kulia, kwa sababu farasi alichokubali kushoto anakisahau kulia. Ukiona ameinua kichwa, acha mkono ulipo, usiutoe wala usiuongeze. Subiri. Akianza kutafunatafuna mdomo mtupu na kushusha shingo, amekubali. Hapo ondoka. Ngonyani alinikataza kabisa kuendelea kwa sababu tu mambo yanakwenda vizuri. "Muache akiwa bado anakutaka," alisema. "Hata nyumbani kwako ungefanya hivyo, mkeo angekupenda."

Wiki ya tatu tandiko likakaa mgongoni mwake. Tundu moja, matembezi. Tundu moja, matembezi. Vyuma vikamgonga mbavuni, akageuka kunitazama kama anayeuliza, nikamwambia hata mimi vilinigonga. Alhamisi Kuu nikajilaza tumbo juu yake kama gunia la mpunga, nikashuka. Jumamosi nikakaa. Jumapili ya Pasaka, baada ya ibada, nilikaa juu yake akatembea uwanja mzima, na alipopita karibu na ndoo, akaisalimia.

Vijana, nililia. Nasema wazi. Nilishuka nikaficha uso shingoni mwake nikalia, na Ngonyani akajifanya anaangalia mawingu.

Jumatatu tajiri wa Rujewa akaja na Fuso. Mtu mnene, mcheshi, shati jeupe, hana ubaya wowote. Ngonyani akamwambia Mama Zarina, "Kabla hamjazungumza, Mama, tazama." Nikatoka bandani nimempanda Semeni. Nikazunguka, nikasimama, nikarudi nyuma hatua tatu. Nilikuwa nimejaa kifua, nikijua nimemwokoa.

Tajiri akapiga makofi. "Aisee! Basi mkokoteni hapana tena. Huyu nampanda mwenyewe, nazungukia naye majaruba yangu. Mama, namchukua leo leo."

Sikuwa nimewaza hilo hata kidogo. Wiki tatu nilikuwa namwandalia njia ya kwenda kufa.

Nikamtazama Mama Zarina. "Mama, sasa anavaa tandiko. Si ulisema..."

"Nimeona, Ezekia. Umefanya kazi nzuri." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Lakini watoto wa watu ndio wanaokaa pale juu. Siku ile nilituma watu wakafyeke barabara yote kutafuta huyo nyoka. Hakuna. Na nyoka gani anatoka kwenye baridi ile? Farasi anayekimbia kitu kisichokuwepo, akakimbia tena siku ana mtoto mgongoni, nitamwambia nini mama yake?"

Nikamtafuta Ngonyani kwa macho. Amesimama mlangoni mwa banda, kofia mkononi, midomo imefungwa. Mtani anaweza kukuvika tandiko ukazunguka nalo mji mzima. Hawezi kukusemea.

Semeni akasogeza mguu chini yangu, akatulia tena. Alikuwa ananiamini, mjinga yule.

"Mama," nikasema, "kilikuwepo. Hakikuwa nyoka. Yalikuwa madumu mawili ya ulanzi, nimeyafunga mimi, na vifuniko nimekaza mimi. Yalimlipukia masikioni. Hata wewe ungekimbia."

Kisha tajiri wa Rujewa, ambaye mkewe nasikia ni Mhehe, akauliza kwa mshangao wa kweli, "Ulikaza vifuniko?"

"Nilikaza."

"Vya ulanzi?"

"Vya ulanzi, bwana."

Akashika kichwa kwa mikono miwili. Nadhani hapo alininyima heshima yote aliyokuwa amenipa juu ya farasi.

Mama Zarina hakucheka. Alinitazama muda mrefu, na nilitamani nivishwe tandiko nitembezwe mpaka Mbeya kuliko kutazamwa vile. "Wiki tano," akasema. "Wiki tano umeniacha nimchukie mnyama wangu."

"Ndiyo, Mama."

"Shuka."

Nikashuka.

Akamgeukia mgeni, akamwomba radhi kwamba amesafiri bure, akamkaribisha chai na sambusa. Fuso likarudi Rujewa tupu. Mimi nikapelekwa kwenye ng'ombe wake wa maziwa. Mama alisema nitakaa huko mpaka asahau, na mwanamke mwenye duka hasahau.

Miezi minane nilikamua. Alfajiri na jioni, nikinuka maziwa na samadi, nikiwasikia farasi ng'ambo ya ua. Semeni alinisikia na yeye, kwa sababu kila ndoo yangu ikilia, alijibu. Ngonyani alimchukua yeye mwenyewe kumwendeleza. Lakini cha ajabu, huyo mzee aliyefundisha farasi kabla sijaota ndevu, ghafla alishindwa kazi. Kila Jumamosi akaenda kulalamika kwa Mama kwamba Semeni anatunisha tumbo, anakataa mkanda, anamng'ata kiwiko, anamtaka Mhehe wake. Nilimuuliza zaidi ya mara moja kama alikuwa anasema kweli au anamfinya makusudi. Alinijibu kwamba Mngoni hasemi uongo, ila hupumzisha ukweli kidogo.

Jioni moja ya Novemba nilikuwa nimechuchumaa chini ya ng'ombe, ndoo kati ya magoti. Nikaona viatu vya Mama Zarina vimesimama kwenye majani makavu. Sikuinua kichwa. Sikusimama. Alikaa pale mpaka ndoo ikajaa.

"Ezekia."

"Naam, Mama."

"Nawa mikono. Semeni anakusubiri."